Bega la Kushoto

Risasi kumi zilikuwa zimetoka, na karatasi ya shabaha ilikuwa na matundu manne.

"Nyingine sita zimekwenda wapi, Vumbi?" aliuliza askari wa mstari wa pili, na wenzake wakaanza kucheka kabla hajajibiwa. "Tuwapigie simu wanaokaa nyuma ya kilima?"

Inspekta alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini, na kila mwaka siku ya jaribio la shabaha aliyameza maneno hayo hayo. Vumbi walimwita kwa heshima, maana hakuna aliyesoma nyayo na alama za sakafuni kama yeye. Lakini hapa uwanjani heshima hiyo iliwekwa kando. Walisema Inspekta akishika bunduki, mahali salama pa kusimama ni mbele ya shabaha. Utani wenyewe haukuwa mbaya, na yeye mwenyewe ameshawahi kuusimulia.

Mkufunzi wa shabaha alikuwa mgeni kwa kikosi kile. Mzee wa miaka sitini na ushei, mstaafu wa jeshi, ameletwa kwa mkataba baada ya yule wa zamani kuugua mgongo. Alikuja taratibu, akaiangalia karatasi, akamwangalia Inspekta, kisha akasema, "Weka silaha chini. Nyosha mikono yote miwili mbele."

"Ya nini?"

"Nyosha. Weka kiganja juu ya kiganja, uache katundu kadogo katikati. Haya. Macho yote mawili wazi, niangalie pua kupitia katundu hako. Unaiona?"

"Naiona."

"Sasa vuta mikono pole pole mpaka ifike usoni. Pua yangu usiipoteze."

Inspekta alivuta, akijiona kama mtoto anayechezeshwa. Viganja vilipogusa uso, katundu kalikuwa kamekaa juu ya jicho la kushoto. Mzee akamwambia arudie. Akarudia mara tatu, na mara zote tatu mikono ilikwenda kule kule; alipojaribu kuilazimisha kwingine, pua ya mzee ilitoweka.

"Unaandika kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Na bunduki unaweka bega la kulia."

"Kwani niweke wapi?"

"Ndiyo maana unapiga kilima." Mzee alichutama, akaokota ganda la risasi, akalitia mfukoni. "Kila mtu ana jicho linaloongoza na jicho linalofuata, kama mke na mume, na usiniulize yupi ni yupi. Kwa watu wengi jicho linaloongoza liko upande wa mkono wenye nguvu. Wewe lako limekaa upande wa pili. Miaka yote hiyo bunduki iko kulia na anayelenga yuko kushoto. Ungepata nini?"

"Watu wa hivyo mnawafanyaje?"

"Wengine huwazibia jicho kwa kipande cha plasta kwenye miwani. Mimi huwahamisha bega. Mkono wa kulia, jicho la kushoto? Bega la kushoto. Siku ya kwanza wananitukana kimoyomoyo, ya pili wanalalamika, ya tatu wanapiga."

Askari wa mstari wa pili walikuwa bado wanacheka. Inspekta hakuwasikia tena. "Kwa hiyo mtu asiye wa shoto anaweza kupiga bunduki upande wa kushoto."

"Tele."

"Akipiga magoti, goti la kushoto linakaa chini na mguu wa kulia unatangulia."

"Ndivyo. Mwili unafuata bega, haufuati kalamu. Kwa nini unauliza?"

Inspekta alikaa juu ya mfuko wa mchanga.

Miezi kumi na minne nyuma, meneja wa ghala la saruji alipigwa risasi moja ya shingo saa moja na robo asubuhi, akifungua geti. Risasi ilitoka ghorofa ya pili ya jengo lisilomalizika ng'ambo ya barabara. Inspekta ndiye aliyepanda juu, akalala kifudifudi na tochi yake huku wenzake wakivuta sigara ngazini. Vumbi la saruji halina siri: goti la kushoto, na mbele yake soli nzima ya buti la kulia. Alishuka akaandika mstari mmoja uliosifiwa mpaka makao makuu. *Mpigaji ni mtu wa shoto.*

Bunduki ilikuwa moja ya zile tano za kampuni iliyolinda ghala, na wenye ufunguo wa kabati lake asubuhi ile walikuwa walinzi watano, mkuu wao wa zamu akiwamo. Kati ya watano, mmoja tu alishika kalamu kwa mkono wa kushoto. Wenzake walimwita Mashoto tangu siku ya kwanza ya kazi. Wiki moja kabla ya mauaji alikuwa amegombana na meneja hadharani, akaambiwa analala lindoni. Mkuu wa zamu akala kiapo kwamba alimwona akishuka ngazi za lile jengo. Mahakamani kijana aliulizwa swali moja tu juu ya jambo hili: unatumia mkono gani? Akasema wa kushoto. Alisema kweli, maskini, na kweli yake ikamfunga.

Leo ilikuwa Jumatano. Hukumu ilikuwa Ijumaa saa tatu asubuhi, na kwa kosa lile jaji hana cha kuchagua: ni kifungo cha maisha.

"Umewahi kufunza walinzi wa kampuni ya pale kwenye ghala la saruji?" Inspekta aliuliza.

"Nimewafunza wote. Miaka mitatu."

"Kulikuwa na mmoja wanamwita Mashoto."

Mzee akacheka kidogo. "Huyo simsahau. Shoto wa kalamu, shoto wa kijiko, shoto wa kila kitu, lakini jicho la kulia. Nikamwambia bunduki bega la kulia. Alinuna siku mbili nzima. Aliniambia, mzee, kila mtu duniani ananilazimisha mkono wa kulia, na wewe tena. Siku ya tatu alipiga tisa kwa kumi." Kicheko kikamkatika. "Si ndiye huyo mliyemkamata?"

"Ndiye."

"Kwa kupiga bega lipi?"

"La kushoto," alisema Inspekta.

Mzee alivua kofia, akaikung'uta gotini, akaivaa tena.

* * *

Mwendesha mashtaka alipokea simu akiwa kwenye korido ya mahakama. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya mtu asiyependa kurudia. Alimsikiliza Inspekta mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Ushahidi ulifungwa miezi saba iliyopita," alisema.

"Najua, mama."

"Na ni wewe uliyekula kiapo ukasema shoto."

"Najua hilo pia."

"Haya. Tuanze na mkufunzi. Amefunza watu mia tatu, na unataka nimpeleke kwa jaji aseme anakumbuka jicho la mmoja wao. Jaji atamla nyama. Walinzi wenzake je, hawakumwona akipiga?"

"Walifunzwa makundi tofauti. Kazini bunduki inaning'inia tu begani, haipigwi."

"Mshitakiwa mwenyewe akisema leo anapiga bega la kulia, ni nani asingesema hivyo?" Inspekta akasikia viatu vyake vikisogea mahali penye utulivu zaidi. "Nisikilize. Niletee karatasi iliyoandikwa kabla ya kosa. Au niletee jicho lenyewe. Lipimwe mbele ya tabibu wa mahabusu, matokeo yaandikwe, na kijana asiambiwe yanayotafutwa. Ukinipa kimoja kati ya hivyo viwili kabla ya kesho saa tisa alasiri, nitasimama mbele ya jaji niombe kesi ifunguliwe, na tutaaibika pamoja. Bila hivyo sina mdomo."

"Nimekuelewa."

"Inspekta. Ile ripoti yako niliipenda sana. Nilisoma ule mstari wa shoto mara mbili mbele ya mahakama." Akakata simu.

Ofisi ya kampuni ya ulinzi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala, chenye meza mbili, kabati la chuma na mlango wa bati wenye tundu la kuchungulia. Karani wake alikuwa dada nadhifu aliyejivunia mafaili yake, na alipoambiwa kadi za mafunzo alizitoa kabla Inspekta hajamaliza sentensi. Kadi arobaini, zimefungwa kwa utepe. Kila kadi ilikuwa na mistari mitatu: mkono, jicho, bega. Chini kabisa sahihi ya mkufunzi.

Inspekta alipoona neno *jicho* limechapwa pale, alifunua haraka, akalamba kidole, akafunua tena. Kadi ya Mashoto ilikuwa ya kumi na saba.

Mkono: kushoto. Jicho: kushoto. Bega: kushoto.

Aliisoma mara ya pili. Akaiweka chini, akaanza na kadi ya kwanza, akazipitia zote arobaini moja baada ya nyingine. Kulia, kulia, kulia. Kulia, kulia, kulia. Hakuna hata mlinzi mmoja aliyechanganya.

"Dada yangu, hizi unazijaza wewe?"

"Mimi mwenyewe. Mkufunzi analeta orodha yake ya penseli, mwandiko wenyewe kama kuku amepita. Kuna vialama vyake pembeni hata sivielewi. Kwa hiyo namwita mlinzi, namwuliza, unatumia mkono gani? Akisema kulia, najaza kulia mpaka chini."

"Na jicho?"

"Si najaza hapo hapo. Afande, mtu hawezi kuwa na mkono wa kulia halafu jicho la kushoto. Angetembea upande upande."

Inspekta alimwangalia. Dada hakuwa akitania. "Na zile orodha za penseli ziko wapi?"

"Nikishanakili nazitupa. Ofisi yenyewe unaiona ilivyo."

"Mbona mkufunzi amesaini?"

"Anasaini zote kwa mpigo siku ya kufunga mafunzo, watu wanamsubiri wapige picha. Nani atasoma kadi arobaini amesimama?" Akazipanga upya, pembe kwa pembe. "Kuna kosa?"

Kulikuwa na kosa, lakini angeanzia wapi kumlaumu. Mwaka jana yeye mwenyewe alifanya kosa hilo hilo, akiwa na tochi, na akapongezwa. Tofauti ni kwamba dada huyu hakupata barua ya sifa.

Mlango ukagongwa. Mwanaume mnene aliyekuwa amekaa kwenye meza ya pili, aliyekuwa akijaza kitabu cha mahudhurio kwa mkono wa kulia muda wote huo, aliweka kalamu chini akainuka. Inspekta alimjua vizuri: mkuu wa zamu, shahidi wa tatu wa mashtaka, aliyemwona Mashoto akishuka ngazi. Alikwenda mlangoni. Ukuta upande ule ulikuwa umebana, kwa hiyo ilimbidi apinde shingo vibaya ili aweke jicho la kushoto kwenye tundu. La kulia lingefika kwa urahisi zaidi. Akachungulia, akafungua komeo, akapokea bahasha, akafunga.

"Mkuu," alisema Inspekta, "wewe unapiga bunduki bega gani?"

"Mimi? Tangu mafunzo sijapiga hata kunguru."

"Siku ya mafunzo je?"

"Kadi yangu inasemaje?"

"Inasema kulia."

"Basi ni kulia, afande. Maandishi hayasahau."

"Umechungulia kwa jicho la kushoto."

Mkuu wa zamu alirudi kwenye kiti chake, kikalia chini yake. Aliifungua bahasha kwa utulivu. "Hata mama watoto wangu huchungulia kwa la kushoto. Mkamate naye, nipate kulala kwa amani."

Karani akacheka. Inspekta alingoja acheke mpaka amalize.

"Meneja aliandika barua ya kukushusha cheo," alisema. "Siku tatu kabla hajafa. Iko kwenye jalada, ukurasa wa thelathini na moja."

"Iko tangu mwaka jana. Uliisoma?"

"Niliisoma."

"Na ukasemaje?"

Inspekta alikuwa ameisoma barua ile siku mbili baada ya kuandika neno shoto, na mtu akishapata jibu hasomi, anapekua tu. Mkuu wa zamu alimpa nafasi ya kutosha ya kufikiria, kisha akainama mbele, akasema kwa sauti ya chini, ya kistaarabu kabisa, "Afande, wewe ndiye uliyesema shoto. Sisi wengine tuliitikia tu."

Akachukua kalamu yake akaendelea na mahudhurio. Inspekta alitoka nje na kadi ya kumi na saba mkononi, akasimama kando ya malori yanayopakiwa saruji, akajua kwa hakika ni nani aliyeua, na akajua pia kwamba hakika hiyo haimfai mtu. Karatasi pekee iliyoandikwa kabla ya kosa ilikuwa hii aliyoishika, na ilisema vile vile alivyosema yeye.

Likabaki jicho.

* * *

Alhamisi saa nne asubuhi alikuwa mahabusu. Alikuja na barua ya mwendesha mashtaka, kibali cha kituo, na fomu aliyoiandaa mwenyewe usiku uliopita, akaichapa, akatoa nakala tatu. Hakutaka mtu aseme kesho kwamba alimwelekeza kijana. Fomu ilikuwa na maelezo ya jaribio bila kutaja lengo lake, nafasi ya majaribio matatu, na visanduku viwili kwa kila jaribio: kulia, kushoto. Chini palikuwa na mahali pa sahihi ya tabibu, ya askari shahidi, na ya anayepimwa. Tangu aanze kazi hakuwahi kuandaa karatasi safi namna ile.

Askari magereza wa mapokezi aliigonga barua muhuri wa kuingia, akaandika namba yake kitabuni. Tabibu alikuwa mwanaume mwembamba mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa na rangi ya majivu. Alisoma fomu kimya kimya.

"Nyosha mikono, angalia kitu, vuta mikono," alisema. "Basi?"

"Basi. Ila usimwambie kinachotafutwa. Nami sitasema neno mpaka uandike."

"Mimi mwenyewe sijui kinachotafutwa."

"Vizuri zaidi."

Walikaa wakingoja. Inspekta aliikagua fomu tena, akaupima chumba: dirisha mbele, mwanga wa kutosha, kalenda ya ukutani yenye picha ya gari la zimamoto ambayo kijana angeweza kuilenga. Alikuwa na tumaini, na alilijua kuwa ni tumaini, kwa sababu tangu jana alipotoka ghalani hakula kitu, na sasa njaa ilikuwa imeanza kumuuma. Miezi saba hakuwa amemwona Mashoto, tangu siku ile aliyotoa ushahidi. Alijaribu kumkumbuka uso, akashindwa. Alikumbuka mkono tu.

Mlango ukafunguliwa, askari akamwingiza kijana.

Alikuwa amekonda, kichwa kimenyolewa. Alisimama akiwa amegeuza uso kidogo upande mmoja, kama anayesikiliza kitu cha mbali. Jicho la kulia halikuwapo. Kope zilikuwa zimefunga na kuzama ndani, na ngozi juu yake ilikuwa imepona zamani, imekuwa laini.

"Shikamoo, afande," alisema Mashoto.

Tabibu akamtazama Inspekta, akitazamia maelekezo.

"Jicho limefanya nini?" Inspekta aliuliza hatimaye.

"Lilianza kuwasha tu. Nikadhani mchanga. Likavimba." Kijana alisema hivyo bila kulalamika, kama anayejibu swali la mahudhurio. "Nikaandikiwa hospitali ya macho. Gari likawa bovu. Lilipopona gari, daktari akawa likizo. Siku nilipofika wakasema limeshaoza, litaambukiza na lingine."

"Lini?"

"Miezi sita sasa."

Inspekta akamgeukia tabibu. "Mmeandika? Kuna mahali mmeandika?"

"Kwenye kitabu kuna *macho mekundu, matone*," alisema tabibu. "Halafu kuna *jicho moja limetolewa*. Hatuandiki jicho lilikuwa linafanya kazi gani kabla."

"Dada yangu alikuja kituoni kwenu," Mashoto akaongeza. "Mara mbili. Alitaka mtusaidie nipelekwe mapema. Wakamwambia kesi imeshatoka mikononi mwa polisi."

Inspekta hakuambiwa habari hiyo, au aliambiwa akaipisha. Hakuweza kukumbuka, na alijichukia kwa kutoweza kukumbuka. Alinyosha mkono akachukua fomu zake mezani. "Tuache," alisema. "Hakuna cha kupima."

"Haiachwi," alisema tabibu.

"Ni jaribio langu. Naliondoa."

"Barua imegongwa muhuri wa kuingia. Ina namba. Barua ikiingia na namba lazima itoke na jibu, la sivyo mwezi ujao nitaulizwa mimi, wewe utakuwa kwenu." Hakusema kwa ukali. Alikuwa mtu aliyeshaulizwa sana. Alizitoa fomu taratibu mikononi mwa Inspekta, akazinyoosha juu ya meza. "Njoo hapa mbele. Nyosha mikono miwili. Weka kiganja juu ya kiganja, uache tundu katikati. Angalia lile gari kwenye kalenda."

Uso wa Mashoto ukachangamka. "Hii naijua. Mzee wa shabaha alinifanyia."

"Vuta mikono usoni."

Kijana akavuta kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayebeba maji yaliyojaa mpaka pomoni. Tundu likatua juu ya jicho la kushoto. Lingetua wapi kwingine? Tabibu akaweka alama kwenye kisanduku. Akasema arudie. Akarudia. Alama ya pili. Akarudia tena. Alama ya tatu.

"Siku ile kwa mzee lilikuja huku," Mashoto alisema, akigusa kope iliyozama.

"Andika hilo," alisema Inspekta. "Andika alivyosema."

"Hakuna nafasi, afande. Fomu umetengeneza wewe. Kuna kulia na kushoto."

"Andika pembeni, basi. Andika la kulia halipo."

Tabibu aliandika pembeni, kwa herufi ndogo: *jicho la kulia halipo*. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki kwa kadiri ya uwezo wake, aliandika matokeo pale yalipotakiwa kuandikwa, kwa herufi kubwa, akagonga muhuri. Mkono, kushoto. Jicho, kushoto. Askari akasaini kama shahidi. Sasa zilikuwa karatasi tatu: ripoti ya vumbi, kadi ya kampuni, na hii. Na zote tatu zilikubaliana kama watu waliokaa wakapanga.

Mashoto alikuwa akiwaangalia usoni mmoja mmoja, akigeuza kichwa chote ili amwone kila mtu. "Nimefaulu, afande?"

Tabibu akainama kwenye kitabu chake. Inspekta alijua kwamba wajibu wa kujibu ni wake. Alitafuta neno la kumsitiri kijana na hakulipata. Lililokuwapo lilikuwa la kweli.

"Siku ile niliandika kwamba aliyeua ni mtu wa shoto," alisema. "Nilikosea. Aliyeua alipiga bega la kushoto, na wewe unapiga la kulia. Nimejua jana. Nimemjua na muuaji mwenyewe. Nilikuja kutafuta jicho lako linithibitishie."

Mashoto alisimama bila kutikisika. Ilimchukua muda kulipanga jambo hilo kichwani, na alipolipanga Inspekta aliliona likimfika. Mkono ukapanda wenyewe kwenye ile kope, ukashuka.

"Kesho utamwambia jaji?"

"Nitamwambia."

"Atakusikiliza?"

Inspekta aliwaza mwendesha mashtaka akisubiri simu yake, jaji ameshika kadi ya kumi na saba, mkuu wa zamu amekaa kwenye benchi la mbele amevaa shati la kupigwa pasi. Alimwangalia kijana kwenye jicho lililobaki.

"Hapana," alisema.

Kijana alitikisa kichwa mara kadhaa, taratibu. Tabibu akamsogezea fomu, akamwonyesha kwa kidole mahali pa sahihi ya anayepimwa. Mashoto akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akainamisha uso mpaka karibu na karatasi ili aone mstari, akasaini nakala zote tatu bila kuharakisha. Alipomaliza aliirudisha kalamu mezani.

"Dada ameomba ruhusa kazini kesho, aje anichukue," alisema. "Amemwambia bosi wake nitatoka. Ukipita pale kwake leo, afande, mwambie aende kazini tu."